Usiku Upepo Unapotulia: Maelezo kuhusu Utabiri wa Kipupwe

Haya ni maelezo kamili yaliyotolewa na afisa kilimo katika mkutano wa wakazi wa kata, Makete, mwishoni mwa mwezi Mei, kabla ya kuanza kwa msimu wa kipupwe. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria, na kwa matumizi ya mikutano ya vijiji na vitongoji.



Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na kwa kuacha shughuli zenu za asubuhi mkaja kusikiliza habari za baridi, ambayo ninyi mnaijua kwa miili yenu kuliko mtu yeyote awezaye kuieleza kwa maneno.

Nimeombwa nizungumze juu ya utabiri wa kipupwe. Wengi wenu mmekwisha kuusikia redioni. Wengine mmeupokea kwa simu, na pamoja nao mkapokea picha za milima iliyofunikwa na theluji na maneno kwamba mwaka huu theluji, japo kidogo, itaanguka Kitulo. Swali hilo nitalijibu. Lakini sikuja kwa ajili yake peke yake. Nimekuja kwa sababu utabiri hutolewa kwa mkoa mzima, ilhali baridi humkuta kila mtu katika bonde lake, shamba lake na chumba chake cha kulala. Kati ya utabiri wa mkoa na chumba cha kulala kuna hatua moja, na hatua hiyo hakuna mtaalamu aliye mbali awezaye kuipiga kwa niaba yetu. Ni sisi wenyewe tunaopaswa kuipiga, kila jioni, kwa kutazama anga.

Utabiri unasema nini, na hausemi nini

Kila mwaka, msimu unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Katika taarifa hizo wilaya yetu huhesabiwa katika nyanda za juu kusini magharibi, pamoja na maeneo mengine ya mikoa ya Njombe, Iringa, Mbeya, Songwe na Rukwa. Tazameni upana wa eneo hilo. Ndani yake yamo mabonde yenye joto, na humo humo umo uwanda wa Kitulo ulio katika mwinuko wa mita zipatazo 2,600, na Mlima Mtorwi wenye mita 2,961. Hata hapa wilayani kwetu, aliyeko Mfumbi kwenye uwanda wa chini na aliyeko juu Kitulo hawaamki katika asubuhi moja, ingawa kalenda yao ni moja. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo tarakimu moja iliyotangazwa kwa ajili ya eneo zima haiwezi kuwa ya kila kijiji.

Kuna neno katika taarifa hizo ambalo huwapoteza watu wengi, nalo ni neno «wastani». Mtu akisikia kwamba baridi itakuwa ya wastani, hudhani ameambiwa baridi haitakuwa kali. Sivyo. Wataalamu hukusanya vipimo vya miaka 30 vya mahali fulani, wakavipatia wastani wake, kisha wakaulinganisha msimu ujao na wastani huo. Wakisema hali itakuwa ya wastani, maana yake ni kwamba itafanana na ile mliyoizoea mahali hapo. Na sisi tumezoea nini? Tumezoea kuamka mwezi Julai na kukuta majani meupe na maji ya kwenye beseni yameshika utando wa barafu. Huo ndio wastani wetu. Kwa mtu wa Pwani, kipupwe ni upepo mtamu unaomfanya atafute shuka. Kwa mtu wa Makete, kipupwe hicho hicho cha wastani kinaweza kuangamiza shamba la viazi kwa usiku mmoja. Msiache kujiandaa kwa sababu mmesikia neno la upole.

Zaidi ya mwelekeo wa msimu, ziko taarifa za siku kumi kumi, na uko utabiri wa kila siku. Mwelekeo wa msimu hutusaidia kupanga: tupande nini, wapi, na lini. Utabiri wa siku hutusaidia kutenda: tufunike miche leo au tusifunike. Hali inapotarajiwa kuwa mbaya kupita kawaida, Mamlaka hutoa taarifa za ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mtendaji anapobandika taarifa ya namna hiyo kwenye ubao wa matangazo, au mwalimu anapoisoma mbele ya wanafunzi, naomba isichukuliwe kuwa karatasi ya serikali iliyopita njia. Imebandikwa pale ili isomwe kabla jua halijazama.

Theluji au jalidi?

Sasa nijibu lile swali. Je, theluji itaanguka?

Ndugu wananchi, ule weupe tunaouona alfajiri juu ya majani, ambao sisi wote huuita barafu, kwa Kiswahili cha vitabu una jina lake: huitwa jalidi. Jalidi na theluji hufanana kwa rangi, lakini kuzaliwa kwao ni tofauti kabisa.

Theluji huzaliwa mawinguni na kushuka. Ili ifike chini ikiwa bado theluji, hewa yote kutoka wingu hadi karibu na ardhi lazima iwe ya baridi ya kugandisha. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, kiwango ambapo hewa ya juu huanza kugandisha kwa kawaida hupatikana kati ya mita 4,500 na 5,000 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ina theluji na barafu kileleni, na ndiyo maana Mtorwi, ambayo ni nusu tu ya urefu huo, haina. Tena theluji huhitaji mawingu mazito yenye unyevu wa kutosha, na kipupwe kwetu ni majira ya ukame. Baridi ipo, lakini wingu la kuzaa theluji halipo.

Jalidi, kwa upande wake, haishuki kutoka popote. Huota pale pale ardhini. Usiku, ardhi hutoa joto ililolipata mchana na kulipeleka angani. Pakiwa na mawingu, mawingu hayo hufanya kazi ya blanketi, hurudisha sehemu ya joto hilo chini. Pakiwa peupe, joto jingi zaidi huondoka. Majani na udongo hupoa kuliko hewa iliyo juu yake, hadi unyevu ulio hewani unapoyagusa majani hayo huganda papo hapo. Kwa hiyo hewa iliyo juu ya paa la nyumba inaweza kuwa na nyuzi tatu au nne juu ya sifuri, na chini kwenye nyasi pakawa na barafu. Hili ni muhimu sana kwa msomaji wa utabiri, kwa sababu vipimajoto vya vituo vya hali ya hewa huwekwa kivulini, kati ya mita moja na robo na mita mbili kutoka ardhini. Ukisikia kwamba joto la chini litakuwa nyuzi tatu, usiseme kwamba halitafika sifuri. Mche wako wa parachichi hauishi kwenye kimo cha kipimajoto.

Ziko pia picha za theluji zinazotoka Afrika Kusini. Hizo nyingi ni za kweli, lakini ni za huko. Mwezi Agosti mwaka 2012 theluji ilifika hata Johannesburg, jiji lililo katika mwinuko mdogo kuliko Kitulo. Sababu ni kwamba Johannesburg iko mbali zaidi kusini, mahali ambapo mikondo ya hewa baridi kutoka bahari ya kusini hufika ikiwa bado na ubaridi na unyevu wake. Hewa hiyo ikisukumwa kuja kaskazini hupata joto njiani, ikatufikia sisi kama upepo wa kusi, ukungu na manyunyu. Haituletei theluji, bali hutuletea wimbi la baridi. Kwa hiyo mkisikia theluji imeanguka kusini, msikimbilie mlimani kuitafuta. Jiandaeni, kwa maana siku chache baadaye huenda baridi ikaongezeka hapa.

Usiku wa hatari

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa kila mmoja aondoke nalo hata akisahau mengine yote.

Siku zile za kusi, zenye upepo na ukungu, ndizo tunazolalamikia zaidi. Mikono hufa ganzi, na mtu hukaa jikoni kutwa. Lakini siku hizo, pamoja na ukali wake, mara chache huwa ndizo zenye jalidi, kwa sababu upepo huchanganya hewa ya juu na ya chini, na mawingu huifunika ardhi. Usiku wa hatari ni ule unaofuata, wakati upepo umetulia, anga limetakata na nyota zinaonekana zote. Watu hufurahi wakasema baridi imepungua, wakalala bila kufunika chochote. Alfajiri yake ndiyo hukuta mashamba meusi.

Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nasi tuseme kwamba dalili ya jalidi ni kukosekana kwa mawingu. Jioni, jua linapozama, kila mkulima atazame mambo matatu. Kwanza, anga: je, ni jeupe pande zote? Pili, upepo: je, majani ya miti yametulia kabisa? Tatu, moshi wa majiko ya jirani: je, unapanda juu, au umelala bondeni kama shuka lililotandikwa? Moshi ukilala, maana yake hewa baridi imekwisha kukaa chini na haichanganyiki tena na ya juu. Mambo hayo matatu yakikutana katika jioni moja, na utabiri wa siku ukataja joto la chini, basi usingoje kuambiwa na mtu.

Kumbukeni pia kwamba hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji. Hushuka mteremkoni usiku ikajaa bondeni. Ndiyo maana mara nyingi shamba la mlimani husalimika na la bondeni huungua, ingawa mlimani ni juu zaidi. Na kama maji, hewa hiyo huweza kuzuiwa. Ukiwa na ua mnene wa miti upande wa chini wa shamba lako, umejenga bwawa la baridi bila kujua. Acha pengo katika ua huo ili baridi ipite iende zake. Ua mnene uwe upande wa juu, ambako utaigeuza hewa hiyo isiingie shambani.

Shambani na zizini

Hapa ndipo vinyungu vyetu vinapotutia katika mtihani. Bonde ndilo lenye unyevu wa kiangazi, na bonde hilo hilo ndilo lenye baridi kuu. Hatuwezi kuviacha vinyungu, kwa kuwa vimetulisha miaka mingi. Lakini tunaweza kuchagua. Zao lisilostahimili baridi lipandwe juu kidogo ya kitako cha bonde, na kule chini kabisa yabaki mazao yanayovumilia, kama kabichi na mboga nyingine za jamii yake. Jani la kiazi huungua joto lake linaposhuka nyuzi mbili hivi chini ya sifuri, na maharage hayafiki hata hapo. Anayepanda viazi bondeni ahesabu miezi, ili mmea usiwe mchanga Julai, mwezi ambao kwa kawaida ndio wenye baridi kuliko yote.

Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu. Kwa hiyo mwenye maji ya kumwagilia amwagilie mapema mchana kabla ya usiku wa hatari, udongo upate muda wa kunywa joto la jua. Miche ya parachichi, ambayo wengi wetu tumeigharamia, ifunikwe jioni kwa nyasi kavu, magunia au vibanda vidogo, na ifunuliwe asubuhi jua linapopanda. Nailoni isiguse majani, kwa sababu jani linalogusana na nailoni huganda pale pale. Na wanaowasha moto shambani wakitumaini kwamba moshi utazuia jalidi, nawaomba waache. Moshi hauzuii joto kuondoka kama wingu linavyozuia, na katika majira haya nyasi zilizokaushwa na jalidi hushika moto haraka. Cheche moja inaweza kufika kwenye misitu yetu ya misonobari na kuteketeza mtaji wa miaka mingi wa jirani. Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Shamba likiungua, usikate tamaa siku hiyo hiyo wala usishike panga siku hiyo hiyo. Kiazi kilicho chini ya udongo huwa bado kizima, na shina likiwa halikufa huweza kuchipua tena. Mti wa parachichi ulioungua matawi usiupogoe mara moja. Subiri machipukizi mapya yakuonyeshe mahali uhai ulipoishia, ndipo ukate kilicho kikavu. Wengi wamekata tawi lililokuwa hai kwa haraka ya kuondoa majani meusi. Mwite afisa ugani akague kabla hujaamua.

Kwa wafugaji, nitasema kwa ufupi. Ndama na watoto wa kondoo hufa kwa upepo na kulala palipolowa zaidi ya baridi yenyewe. Zizi likingwe upande wa kusini, liwe na matandiko makavu, na paa lisilovuja. Mifugo isipelekwe malishoni nyasi zikiwa bado nyeupe. Ingojwe hadi jua liyeyushe jalidi.

Ndani ya nyumba

Ndugu wananchi, nimesema mengi juu ya viazi. Lakini kiazi hupandwa tena.

Usiku ule ule niliouita wa hatari shambani ndio wa hatari kubwa zaidi ndani ya nyumba. Anga likiwa jeupe na upepo umetulia, baridi huwa kali. Watu hufunga mlango, huziba dirisha kwa tambara, huingiza jiko la mkaa chumbani na kulala. Nje hakuna upepo wa kupenya kwenye nyufa. Hewa ya chumba haibadiliki. Mkaa unaendelea kuwaka taratibu, na watu wanaolala hawasikii chochote.

Mkaa unaowaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikoozeshi. Ikiingia mapafuni huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, na nguvu yake ya kushikamana na damu ni zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Mtu hukosa hewa huku akiwa anapumua. Wajawazito, watoto wachanga na wazee huathirika upesi zaidi.

Naomba tuondoe mawazo mawili yanayoua. La kwanza ni lile la kusema kwamba mkaa ukishakolea na kuacha kutoa moshi umekuwa salama. Moshi ni kitu kimoja na sumu hii ni kitu kingine. Mkaa mwekundu usio na moshi wowote bado unaitoa. La pili ni lile la kuweka bakuli la maji karibu na jiko ili liinyonye sumu. Maji hayaiondoi. Hakuna dawa ya jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala isipokuwa kulitoa nje.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Oteni moto jikoni au sebuleni mkiwa macho, dirisha au mlango ukiwa wazi kiasi. Kabla ya kulala, jiko litoke nje, hata kama lina makaa matatu tu yaliyosalia. Kisha mjifunike. Joto la kulala nalo litafutwe kwa njia nyingine: nguo kavu za tabaka kadhaa, soksi, kofia, blanketi, nyasi au magunia chini ya godoro, na maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Mwenye chumba cha sakafu ya udongo asilale juu ya mkeka peke yake. Baridi ya chini huumiza kama baridi ya juu.

Dalili za sumu hiyo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au chakula kibaya. Kinachoitofautisha ni kwamba watu wote wa chumba kimoja huumwa kwa pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje kwanza, kisha muwahishe kituo cha afya hata kama amezinduka, kwa maana madhara yanaweza kubaki ndani. Na wewe unayeingia kuokoa usikae humo. Ingia, toa mtu, toka.

Watoto na wazee

Baridi yenyewe nayo ina watu wake inaowachagua. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, hasa kupitia kichwa. Avikwe kofia, awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wafunikwe, na asiogeshwe katika saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye umri wa miezi miwili hadi kumi na moja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya homa ya mapafu. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, asingojewe hadi asubuhi. Tena moshi wa kuni huongeza ugonjwa huu. Mtoto asibebwe mgongoni mama anapopuliza moto.

Mzee anayeishi peke yake ndiye ninayemhofia zaidi. Mwili wa mzee hauonyi mapema kwamba umepoa. Ukimkuta anaongea kwa kukokota maneno, amechanganyikiwa, au aliyekuwa akitetemeka ameacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, hiyo si nafuu. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpe kinywaji cha moto kama yuko macho na anaweza kumeza, kisha tafuta usafiri wa kumpeleka kituo cha afya. Asipewe ulanzi wala pombe nyingine yoyote. Pombe humpa mtu hisia ya joto, na wakati huo huo huifungulia damu iende kwenye ngozi ikapoteze joto lake.

Tunachoombana

Mheshimiwa Diwani, sipendi kumaliza kwa kuwaachia wananchi hofu. Naomba kata hii ikubaliane mambo manne, ambayo hayahitaji bajeti.

Moja, kila kitongoji kiwe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao na kaya zenye watoto wachanga. Jioni ya usiku wa hatari, jirani mmoja apite kila nyumba iliyomo katika orodha hiyo, aulize mambo mawili: je, una blanketi, na je, jiko liko wapi?

Mbili, utabiri wa siku na taarifa zozote za angalizo au tahadhari zisomwe shuleni kabla wanafunzi hawajaondoka, ili kila mtoto aupeleke ujumbe nyumbani. Mtoto anayemwambia baba yake «mwalimu amesema jiko litoke nje» husikilizwa kuliko tangazo.

Tatu, kila mwenyekiti wa kitongoji awe na daftari, aandike tarehe ya kila asubuhi yenye jalidi na mashamba yaliyoguswa. Baada ya misimu michache tutakuwa na ramani ya baridi ya kata yetu wenyewe, na mkulima ataweza kujua kabla ya kupanda ni bonde lipi lenye usalama na ni lipi lisilo nao. Utabiri wa mkoa utakuwa umepata mwenzake wa kitongoji.

Nne, mwenye bodaboda na mwenye gari wakubaliane mapema na uongozi wa kijiji nani ataitwa usiku. Ukungu wa barabara zetu mnaujua. Anayesafirisha mgonjwa aende polepole na taa zikiwa zimewashwa, lakini aende. Asitafutwe mtu wa kumpigia simu wakati mgonjwa tayari yuko mlangoni.

Ndugu zangu, theluji hamtaiona, na wala haitupunguzii kitu tusipoiona. Jalidi mtaiona. Baadhi ya viazi vitaungua hata tukifanya yote niliyoyasema, kwa kuwa hii ndiyo nchi yetu na hii ndiyo hali yake, na sisi tuliichagua pamoja na baridi yake. Lakini mtu kufa usingizini kwa sababu ya jiko la mkaa si sehemu ya hali ya hewa, na wala hakuna utabiri unaotulazimisha kukubali hilo. Jioni upepo ukitulia na nyota zikatoka zote, funikeni miche yenu, mpite kwa jirani, na jiko litoke nje.